Nitamwambia

Jumanne pickup ilibadilishwa freni: plakete mpya (vile vipande vinavyobana diski) na diski mpya, mbele pande zote mbili. Ningekuwa nalala vizuri, kama si neno moja la Faraja.

Mnamjua mdogo wangu. Wiki hii amepata diploma yake ya Serikali (tumeshukuru Mungu, Mama amelia), lakini gari hajawahi hata kulitoa uani. Tuko kwenye garaji moja huku Panzi, mtaa wa Bukavu, fundi amevua gurudumu la kuume, ameshika plakete ya ndani. Imekwisha kabisa. Chuma kitupu kimekula diski mpaka imechimbika mifereji, ukipitisha ukucha unanasa. Pesa ninayo mimi, funguo ninazo mimi. Fundi ananiruka kwa macho, mimi yaya, dada mkubwa, anamgeukia Faraja:

"Mwambie yaya, mteremko wa Ngomo haushukwi na freni. Unashukwa na vitesi, gia ya chini."

Na Faraja: "Nitamwambia."

Atamwambia nani? Niko hapo hapo, nikinyoosha mkono namshika sikio! Fundi nilishamsamehe, mafundi wengi ndivyo walivyo. Lakini Faraja si angesema "Yaya si huyu hapa"? Au basi anyamaze. Nimelirudia neno hilo nikikaanga ndakala, nikihesabu magunia, hata kwenye mahari ya Neema, wazee wakibishana ng'ombe, mimi niko Panzi.

Na Ngomo ninaijua. Tunashuka Kamanyola na sabuni na soda, tunapanda na mchele. Naingiza vitesi ya pili tangu juu, freni nagusa na kuachia. Anayekanyaga mfululizo anachemsha mafuta ya freni, na yakichemka, mguu unazama mpaka chini na gari halisimami. Papa alinifundisha hilo kabla sijajua kupika. Halafu plakete ya ndani kuisha wakati mwenzake wa nje bado ni nene, huo mguu wa dereva unaingiaje? Nikamwambia fundi asukume pistoni inayoisukuma hiyo plakete, tuione. Ikagoma, imejaa vumbi na kutu. Akakuna kichwa.

Kuanzia hapo akawa anaongea na mimi. Alitaka kubadilisha diski ya kuume tu. Nikamwomba apime ya kushoto, maana unene wa mwisho umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Nayo ilikuwa imekonda kupita hapo. Alipotaka kufunga diski mpya na mafuta yake ya kiwandani, nikauliza esansi, petroli ya kuziosha, iko wapi. Akacheka, akaziosha. "Sawa, mama patroni."

Jana asubuhi nikamchukua Faraja upande wa Kavumu, ambako barabara inatulia kidogo. Plakete mpya hazikanyagwi kwa nguvu kilomita za kwanza. Unapunguza mwendo taratibu, unaachia zipoe, unarudia, mpaka zizoeane na diski. Kazi hiyo ilipokwisha, nikashuka, nikamwambia ahamie kwenye usukani. Gari likazima, likaruka kama chura, likazima tena, mtu wa pikipiki akatupigia kelele, "Mufunze huyo mtoto kwenu!" Tulicheka mpaka Faraja akashindwa kushika klachi. Ana mkono mzuri, nawaambia. Anasikiliza mashine.

Kinachonisumbua sasa ni ufunguo wa pili wa depo. Hauonekani tangu siku ya mahari. Nimeuliza kila mtu isipokuwa shangazi wa Uvira, na shangazi ndiye aliyelala mle. Utamwanzaje?