Jinsi nilivyokomesha kunakili kazi ya nyumbani darasa la sita

Nafundisha hisabati darasa la sita hapa Moshi. Muhula uliopita kila Ijumaa nilitoa maswali 20 ya sehemu, na kila Jumatatu nilipokea madaftari yanayofanana hadi kwenye makosa: 3/4 + 1/6 = 4/10. Yalijazwa mstarini, kengele ikikaribia kulia.

Niligomba. Wapi!

Siku moja nikamuuliza mmoja kwa upole. "Mwalimu, Jumamosi niko Kiborloni na mama, tunauza mitumba. Jumapili kanisani. Usiku nikikwama hakuna wa kumuuliza." Nikakosa la kusema.

Nikapunguza maswali yakawa manne, natoa Jumatatu, nakusanya Alhamisi. Mawili ya kukokotoa, moja la kueleza kwa maneno, na la nne kila mtoto analitunga mwenyewe kutokana na shughuli za kwao. Hilo la nne ndilo dawa, maana utanakilije biashara ya mama wa mwenzako?

Mmoja akaleta la mkungu wa ndizi: robo tatu zimeuzwa, moja ya sita zimeliwa, zimebaki ngapi? Tukakunja karatasi vipande 12. Robo tatu ni 9, moja ya sita ni 2, jumla 11/12. Kisha nikawauliza: 4/10 haifiki hata nusu, na robo tatu peke yake imeshapita nusu, inawezekanaje? Darasa likaangua kicheko.

Wapo wawili wanaoleta daftari tupu bado. Hao nabaki nao Ijumaa dakika kumi, tunafanya swali moja pamoja.