Madumu Mawili ya Petroli

Dada yangu alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alasiri, na ilipofika saa saba za usiku mkunga alitwambia waziwazi kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba mama asipofikishwa hospitali Lamu kabla ya jua kuchomoza, yeye haahidi chochote. Tulikuwa kisiwani Pate, mwaka 2014, wakati Lamu ilipokuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku kufuatia mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni. Mashua tulikuwa nayo na nahodha alikuwa tayari, lakini petroli haikuwapo. Iliyokuwapo ilikuwa ndani ya ukumbi wetu: madumu mawili ya lita 20, ambayo jirani yetu, mzee ninayemwita ami, aliniachia amana alipokwenda Mombasa. Niliyachukua yote mawili.

Ilikuwa bamvua na maji yalikuwa yakijaa, kwa hiyo Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kwenye njia ya kwenda Lamu, ulipitika. Ungalikuwa wakati wa maji kupwa tungalikwama kwenye matope ya mikoko na safari ingaliishia hapo. Mtoto alizaliwa asubuhi, mzima, na mama yake alisalimika.

Kuvunja amri ya serikali usiku ule hakujanisumbua hata siku moja, kwa sababu amri ile iliwekwa ili kulinda roho za watu, nasi tulikuwa tumebeba roho mbili. Kilichonisumbua ni amana. Nimelelewa nikijua kwamba mali ya amana haiguswi hata mwenyewe akikawia kurudi, na mimi niliigusa bila ya kusita.

Baadaye nilimwendea mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, akanikumbusha aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo inamwondolea dhambi mtu aliyelazimika kula kilichoharamishwa, maadamu hakuasi wala hakupita kiasi. Nilitaka kuondoka nikiwa nimefarijika, lakini aliniketisha. Alinieleza kwamba katika Majalla, sheria zilizokusanywa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, kifungu cha 21 kinasema dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na watu wengi hukomea hapo. Kifungu kinachofuata kinasema dharura hupimwa kwa kiasi chake, na cha 33 kinasema dharura haiibatilishi haki ya mtu mwingine. Kwa maneno mengine, nilikuwa na ruhusa ya kuchukua, na wakati huohuo nilikuwa na deni. Naona huu ni uadilifu mkubwa, kwani haumlazimishi mtu amwache dada yake afe ili mikono yake ibaki safi, wala haumruhusu ajifanye kwamba hakuna aliyeumia.

Na ami aliumia. Petroli ile aliiweka kwa safari ya Kiwayu, alikokuwa ameagana na wavuvi awachukulie samaki wao. Aliporudi na kukuta ukumbi mtupu, siku mbili zilipita kabla hajapata nyingine, na samaki waliharibika. Nilimlipa petroli yake lita kwa lita. Fedha za samaki alizikataa, akasema, “Mwanangu, ningalikuwapo ningalikupa kwa mkono wangu.” Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini sikumpigia simu.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na mtandao ulikuwapo. Sikumpigia kwa sababu niliogopa atakataa, na pia, nikisema kweli yote, kwa sababu kuomba saa saba za usiku kulinitia haya kuliko kuchukua. Simu ile isingalichukua hata dakika tatu, naye angaliweza kuwaarifu wavuvi wa Kiwayu asubuhi ileile wawauzie samaki watu wengine. Hapo ndipo nilipopita kiasi. Kuchukua petroli kulilazimika. Kunyamaza hakukulazimika hata kidogo, na hasara yake yote ilitokana na kunyamaza kwangu.

Nilimjibu kwamba mtandao haukushika. Aliitikia kwa kichwa, akaniamini.

Mpwa wangu sasa ni mkubwa, na kila nikimwona akikimbia ufuoni sijutii madumu yale. Ami amezeeka, haendi tena baharini. Mwisho wa wiki hii navuka kwenda Pate, na safari hii nataka kuketi naye barazani baada ya sala ya alasiri, nimwambie habari ya ile simu.