Sauti yangu kibandani kwa mama

Mama ana kibanda Mombasa: mkate, maziwa, sabuni, vitu vidogo vidogo. Jioni moja ya Juni 2024 aliniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza maishani: "Huo Mswada wa Fedha wasemaje kuhusu mkate?"

Nilikuwa nao kwenye simu, ule mswada wa serikali wa kuongeza kodi, Kiingereza kitupu cha mawakili. TikTok na X vijana walikuwa wakiuchambua kifungu kwa kifungu, wengine kwa Kikuyu, wengine kwa Kijaluo. Nikapekua hadi penye mkate: VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mama akafungua daftari lake la madeni, akapiga hesabu pembeni. Shilingi 65, ongeza 10 na senti 40. Akaitazama ile 10.

"Wateja wangu wengi hununua nusu mkate," akasema.

Usiku huo nikarekodi sauti ya dakika 2, Kiswahili chetu cha nyumbani, nikaituma kwenye grupu la familia WhatsApp. Siku ya tatu kijana wa bodaboda akasimama kibandani na simu mkononi. "Mama, hebu msikize huyu dada." Ilikuwa sauti yangu, ikitaja nusu mkate. Nilikuwa nyuma napanga kreti za maziwa. Mama hakugeuka, wala hakusema huyo ni mwanangu. Kijana alipoondoka akanishika mkono, akaukaza.

"Usirudie. Watakujua kwa sauti."

Sikumbishia. Mama amekulia enzi za Moi, siasa ilipozungumzwa mlango ukiwa umefungwa, na hofu ile aliipata kwa kuona, si kwa kusimuliwa.

Jumanne tarehe 18 vijana wakajaa barabara za Nairobi. Hakuna chama kilichowaita. Waliitana wenyewe simuni. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba VAT ya mkate imeondolewa kwenye mswada. Tuliisikia redioni, nami nikamgeukia mama nikitarajia kigelegele. Akapunguza sauti ya redio, akashusha pakiti ya pampas, nepi za watoto, anazouza mojamoja kwa kina mama wasioweza kununua pakiti nzima, akaiweka mbele yangu.

"Na hizi je?"

Nikamsomea kile kifungu cha ushuru wa mazingira, kilichogusa na pampas. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka, akaurudisha mlango wa kibanda nusu.

"Haya, rekodi. Lakini sema polepole, bibi yako hasikii vizuri."