Jamii ni nani, mwanangu?

Leo alasiri mtoto wa kaka yangu kapanda darini na beseni la Bibi, kipande cha nailoni na kikombe cha bati. Kazi ya likizo, kasema. Mwalimu anataka kila mtoto atengeneze kitu cha kusafisha maji. Mimi nilikuwa naanua nguo. Nilipomwona anaweka kikombe katikati ya beseni, anamimina maji ya kisima pembeni yake, anafunika kwa nailoni na kutua kijiwe juu ili pafanyike bonde, nilikaa chini palepale, kanga mbichi zimenijaa mapajani.

"Shangazi, Baba asema ulikwenda kushindana Malindi na kitu kama hiki. Kwa nini ulichagua maji?"

Nikamwambia akaze kamba upande wa kibla, umelegea.

Swali hilo niliulizwa Machi 2009, kwenye mashindano ya sayansi ya mkoa. Nilikuwa kidato cha tatu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshinda Lamu kwa beseni la rangi nyeusi na kioo tulichokivua kwenye kabati la Bibi (naye hakunisamehe mpaka Idi). Unajaza maji ya bahari, jua linayapasha, mvuke unapanda na kugota kwenye kioo kilichoinamishwa, unateremka matone matone hadi kwenye chupa. Chumvi inabaki chini. Beseni letu lilikuwa kama nusu mita kwa nusu mita, na siku ya jua kali la kaskazi tulipata nusu lita hivi. Niliandika hesabu hiyo kwenye daftari la mradi. Hesabu nyingine niliiandika nyuma ya daftari, kwa penseli, nikaifuta: daktari kasema lita tatu kwa siku, kwa hiyo mabeseni sita.

Nyinyi mnaonijua mnajua ni daktari gani na kwa nini. Nilikuwa na miaka saba aliponichorea duara kwenye karatasi, akasema hii ni seli ya damu ya watu wengine, laini, huishi siku 120. Kisha akachora mundu. Hii ni yako, huishi siku 10, labda 20, na ukikaukiwa maji mwilini zinajikunja nyingi kwa pamoja na kuziba njia. Sikoseli. Tangu siku hiyo ikawa kidonge cha foliki kila asubuhi, Paludrine ya kuzuia malaria, na sauti ya Mama kutoka jikoni: "Nwa mai, mwanangu. Nwa mai."

Maji yenyewe basi. Kisima chetu cha Langoni ni cha chumvi, cha kuogea na kuoshea vyombo. Matamu yanatoka Shela, chini ya vilima vya mchanga, ambako mvua hunywea na kukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mfereji ukikauka, Mama alinunua madumu kwa mwenye punda na kuniwekea la kwangu peke yangu kando, limefunikwa kawa. Ndugu zangu hawakuligusa. Hawakuambiwa sababu kwa maneno, ila walijua. Nje ya nyumba hakujua mtu. Mama aliogopa: binti akishasemwa ana damu mbovu, posa hazibishi hodi tena. Simlaumu. Wala mwenzangu wa mradi, niliyekaa naye dawati moja miaka mitatu, sikumwambia.

Safari niipite haraka. Boti ya alfajiri hadi Mokowe, basi, vumbi, Witu, Garsen, vumbi tena. Basi lilisimama porini mara mbili, wavulana wakashuka. Sisi wasichana tulikuwa watatu na mwalimu wetu mwanamume. Nikaona afadhali nisinywe ili nisihitaji kushuka. Miguuni nilikuwa na dumu la lita tano la maji tuliyoyakusanya siku kumi na mbili, maji safi kuliko yote niliyowahi kuyaona, na sikuonja hata tone. Yalikuwa ya maonyesho.

Usiku ule bwenini maumivu yakaanza. Wanaoyajua watanielewa: hayaji kwa kishindo. Ni kama mtu ameegemea muundi wako taratibu, halafu akakataa kuondoka.

Asubuhi tukasimama mezani kwetu. Darasa lilikuwa na joto, chati za manila zinabanduka ukutani, watu wanapita. Majaji walikuwa watatu. Wawili waliandika bila kuinua uso. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, miwani imefungwa uzi, buibui lake limechakaa kidogo mikononi kwa chaki. Akavuta kiti akaketi mbele yetu. Hakuna jaji mwingine aliyeketi.

Kazi yangu ilikuwa jaribio. Testitubu tatu: maji ya bahari kutoka gatini, maji ya kisima chetu, maji ya beseni. Katika kila moja unadondosha nitrati ya fedha, na penye kloridi, ile ya chumvi, panakuwa peupe. Nilishika mrija wa kudondoshea na vidole havikuwa vyangu. Vilikuwa vimeanza kuvimba, vizito, vya moto. Tone la kwanza: maji ya bahari yakaganda meupe, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. La pili: kisima chetu kikafanya ukungu, na nakumbuka nilikionea aibu kisima chetu mbele ya mgeni. Tone la tatu nikalikosea, likaanguka mezani. Mwenzangu akanitazama. Nikajaribu tena kwa mikono miwili. Likaingia, likazama, na maji yakabaki vile vile, unaona herufi za chati kupitia ndani yake. Yule mama akayainua kwenye mwanga wa dirisha akayaangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Vizuri," akasema. "Na kwa nini mkachagua maji?"

Hilo nalo lilikuwa langu. Tulikuwa tumegawana maswali, na jibu nililihifadhi: kwa manufaa ya jamii. Nikalisema.

Akatua testitubu. "Jamii ni nani, mwanangu?"

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua kweli, na alinitazama mimi, mikono yangu kwanza, kisha uso. Mdomo wangu ulikuwa mkavu, ulimi umenata. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa, kooni, maneno mawili matatu. Ni mimi, mwalimu. Nilisikia feni ya dari inagonga, na mtu meza ya jirani anaeleza juu ya kinyesi cha ng'ombe na gesi, na dumu letu likinigusa mguu. Nikainama kama ninayesoma chati.

Mwenzangu akajibu. Alisema ni mama zetu, mwalimu, wanaonunua madumu, ni watu wa Ndau wanaongoja mvua ijaze jabia, ni sisi. Alijibu vizuri sana. Yule mama akaandika, akainuka, na alipopita upande wangu akanigusa bega, akasema polepole, "Kanywe maji."

Jioni nililazwa. Dripu, sindano ya maumivu, muuguzi akiuliza kwa sauti, "Huyu ni sikoseli tangu lini?" na mwenzangu amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, ameshika viatu vyangu. Hakujibu, kwa kuwa hakuwa na la kujibu. Muuguzi alipoondoka aliniuliza neno moja tu: "Mbona?" Kisha akafungua lile dumu la maonyesho akanimiminia kikombe, na kingine, na kingine. Hayana ladha, maji yale. Hata kidogo.

Hatukufika taifa. Urafiki ulibaki, ila kuna chumba ndani yake ambacho mpaka leo tunakipita kimya.

Sasa ninameza haidroksiyurea, dawa ya sikoseli ambayo miaka ile hakuna aliyenitajia, na mwaka huu sijalazwa. Ninaweza kuyaandika haya hapa kwenu. Lakini darini alasiri ya leo mtoto wa miaka kumi kaniuliza na nikamwonyesha kamba. Baba yake hajawahi kupima kama naye ameibeba sikoseli katika damu. Nimeshamwambia mara mbili, ni tone la damu tu kidoleni, naye hubadilisha mazungumzo kama nilivyobadilisha mimi. Sijui kama jibu langu ni langu peke yangu kulitoa, au nitakuwa nimetoa na la kaka yangu ndani yake.

Magharibi alishuka na kikombe, amekishika kwa mikono miwili asimwage. Vijiko vinne, labda vitano. Akanipa mimi kwanza. Nikanywa.

Kesho nina kliniki. Kauliza kama anaweza kunisindikiza, anibebee chupa. Nimemwambia alale mapema, nitamwamsha.