Barafu za Bibi

Jumapili, saa nne usiku. Nje ni digrii 21 chini ya sifuri, na kwenye roshani nimepanga vikombe vinne vya ukwaju. Mama yuko kazini kwa wazee, zamu ya usiku, la sivyo angekuwa ameshaniuliza nina wazimu gani wa kufungua mlango kila dakika kumi na kuingiza baridi ndani.

Nieleze kwa asiyekulia Mombasa. Barafu ninayoisema mimi si hii iliyofunika maziwa ya huku Minnesota, Marekani. Ni juisi ya ukwaju, ubuyu au embe, inatiwa kwenye kimfuko kirefu, inafungwa fundo, inagandishwa. Unang'ata pembe, unafyonza. Bibi alikuwa akiziuza mlangoni kwake Majengo, shilingi tano moja, na friza yake ilifungwa kwa kamba kwa sababu kitasa kilikufa kabla mimi sijazaliwa. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 alihamia kwenye vikombe, akalalamika mwezi mzima, biashara ikaendelea. Siku ya stima kupotea ndiyo ilikuwa sikukuu yetu mimi na Dada. Bibi akisema, "Haya, kuleni kabla hazijawa maji," nasi tunakula mpaka midomo inakufa ganzi.

Dada ni mtoto wa mama mdogo, amenipita miezi mitano tu. Hapa Saint Paul nikisema ni dadangu huulizwa mbona hatuishi nyumba moja, mbona miezi mitano. Nimechoka kueleza.

Sisi tulikuja huku Januari 2019, nikiwa na miaka tisa. Mwisho wa mwezi uleule baridi ikashuka hadi kama 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa. Nilimuuliza Mama kama tumehamia ndani ya friza ya Bibi. Mpaka leo nikimuudhi hunirudishia swali hilo mbele ya wageni.

Lakini nilitaka kuandika juu ya kosa langu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa bustani ya Como, tunateleza kilimani kwa tyubu. Tyubu kama zile za kukodi pale ufuo wa Pirates, Mombasa, ila huku unaikalia juu ya kilima, mtu anakusukuma mgongoni, na hakuna kijana wa kukupigia kelele majini kwamba saa yako imekwisha. Nilivaa suruali mbili, soksi mbili, na kofia ya Mama. Baridi ya namna hiyo unaisikia kwanza puani, vinywele vinagandana ukivuta pumzi, kisha kope zinaanza kushikana. Unashuka ukipiga ukelele, unapinduka, theluji inakuingia shingoni, na bado unapanda tena. Sijui kwa nini inafurahisha. Inafurahisha tu.

Na yeye alikuwepo. Yeye ni yule mwenzangu wa darasa la kemia, na sitamtaja zaidi ya hapo. Vijana wa huku wana hatua yao wanaiita "kuongea". Si wapenzi, si marafiki tu, "wanaongea". Nilipomweleza Mama alinitazama kwa muda, akasema, "Mimi na bawabu pia tunaongea." Basi nikanyamaza. Lakini ni kweli sijui sisi ni nini. Alinifundisha kuteleza kwa viatu vya chuma mwezi uliopita, alinishika mkono nisianguke, halafu nilipoweza kusimama mwenyewe hakuuachia. Nimeyafikiria hayo kuliko mtihani wowote.

Basi pale kilimani simu ikatetemeka. Sauti kutoka kwa Dada, dakika nne. Nilikuwa nimevua glavu moja, vidole vinauma, na yeye ananisubiri na tyubu. Sikusikiliza. Nilituma vikaragosi vitatu vya kucheka na "hahaha kweli kabisa", nikarudi kuteleza. Halafu nikaweka video yangu kwenye status.

Nilikuja kuisikiliza Jumatatu, ndani ya basi la shule. Bibi presha ilipanda, alilazwa siku mbili. Dada alilala naye huko hospitali, juu ya kiti. Mwishoni alisema, kwa sauti ndogo, "Nilitaka tu wewe ujue kabla ya Mama kukwambia." Kumbe watu wazima walikuwa wamekubaliana wasituambie sisi wa huku mpaka Bibi arudi nyumbani. Dada akavunja ahadi yao kwa ajili yangu, na mimi nikamjibu kwa kicheko.

Niliandika pole. Niliandika ndefu, na nyingine, na nyingine. Tiki za buluu, hakuna jibu. Bibi alishatoka, Mama ameongea naye, anakula vizuri na anagombana na daktari juu ya chumvi. Dada kwangu ni kimya, siku ya sita leo.

Jana rafiki yangu Mhmong, watu wa asili ya Asia, alinipeleka soko lao la Hmongtown kumnunulia nyanyake mboga. Nikaona ukwaju, umebanwa kama tofali ndani ya nailoni. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na jamaa yake uwanja wa ndege. Dola chache tu. Nimeuloweka usiku kucha, nimeukamua kwa mkono, nimechuja.

Saa nne na robo. Nimetoa kikombe cha kwanza na ni jiwe. Kijiko kimepinda. Barafu ya Bibi haikuwa hivi, ilikuwa laini, ukiing'ata inakatika. Nimekaa nikaiangalia mpaka nikakumbuka kemia (ndiyo, na yule mwenzangu wa kemia): ukitia kitu kikayeyuka ndani ya maji, maji yanachelewa kuganda. Ndiyo maana barabara za huku zinamwagiwa chumvi. Nami nilibana sukari, kwa kumfikiria Bibi na presha yake, kana kwamba ni yeye atakayeila.

Nimeila robo yake kwa kulamba tu. Ladha ni yenyewe.

Sikupiga picha. Huku na Mombasa sasa ni tofauti ya saa tisa, kwa hiyo kwao ni Jumatatu asubuhi, saa moja na robo, Dada anavaa viatu vya shule. Nimemrekodia sauti. Nimemwambia juu ya kiti cha hospitali, kwamba nilipaswa kukijua siku ileile. Nimemwambia juu ya yule wa kemia, mambo ambayo sijamwambia mtu. Nimemwambia juu ya vikombe vinne na kijiko kilichopinda. Imefika dakika sita na nusu, na katikati nimelia kidogo, sikuifuta.

Saa nne na dakika arubaini. Tiki za buluu.

Anaandika. Ameacha. Anaandika.

"Bibi anauliza sukari ulitia vijiko vingapi."