Jumatatu ya Kwanza Nilivaa Viatu Nikakaa Sebuleni

Nilistaafu mwaka 2024 nikiwa na miaka 60. Ningeweza kuondoka kwa hiari nilipofika 55, lakini nilikuwa nasema: nikae nyumbani nifanye nini? Nilikuwa mhasibu wa serikali hapa Arusha. Kwenye semina ya wastaafu watarajiwa tulibishana siku nzima juu ya kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya mstaafu, mara malipo ya mkupuo yawe asilimia 33, mara 40, na namna ya kuwakwepa matapeli. Habari ya Jumatatu hakuna aliyeigusa.

Jumatatu ya kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikapiga pasi shati. Saa mbili nilikuwa sebuleni na viatu miguuni, naitazama simu. Simu ambayo zamani hainipi nafasi ya kumaliza chai, siku ile iliita mara moja tu. Mtu alikuwa amekosea namba.

Mwezi wa pili nikahamia jikoni. Si kupika, kukagua. Jana vitunguu vilikuwa sita, mbona leo vitatu? Nyanya za elfu mbili ndizo hizi? Mama Neema alivumilia kama wiki tatu. Siku moja akaweka mwiko chini, akasema kwa upole (na upole wake ndio huniogopesha): "Baba Neema, mimi ulinioa, hukuniajiri."

Nikaanza kwenda ofisini "kusalimia". Mara ya kwanza walinipisha kiti. Mara ya tatu nikamkuta kijana mgeni mapokezi. "Shikamoo mzee, tukusaidie nini?" Hakukosea lolote yule kijana. Lakini nilirudi nimejaa hasira, na usingizi ukanikataa wiki nzima.

Jirani yangu, mwalimu aliyenitangulia kustaafu, alinisikiliza barazani kwake mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Wewe umefiwa, ila hujakaa matanga." Sikumpenda siku ile. Usiku wake nililala.

Hata hivyo nikakosea tena: nikakubali kuwa mweka hazina wa kikundi cha kuzikana cha mtaani. Nilidhani ndiyo dawa, kumbe natafuta meza yangu ileile. Miezi miwili nikawa nimegombana na watu wanne kwa ajili ya risiti. Nikaacha.

Lililonifaa nililipata pale nilipokuwa napadharau, gulio la Tengeru. Mama Neema anauza ndizi pale kila Jumatano na Jumamosi. Siku moja kijana wake wa kubeba hakutokea, nikabeba mikungu mimi. Mgongo uliniuma siku mbili, na bado nikajikuta naingojea Jumamosi. Tangu nistaafu sikuwa nimeingojea siku yoyote. Pale cheo changu hakijulikani. Naitwa "mzee wa Mama Neema", na wale akina mama wananicheka ninavyopanga ndizi kama mafaili. Nacheka nao, ingawa mwanzoni ilinichoma.

Jumatatu bado ni nzito, hasa asubuhi. Naichukulia jembe, naingia nayo migombani mpaka jua liwe kali.

Jumamosi iliyopita tulihesabu mauzo, zikapungua shilingi mia tano. Niliona papo hapo. Mama Neema alikuwa ananitazama, anasubiri. Nikafunga mfuko, nikamuuliza kama tupitie kwa yule muuza mahindi ya kuchoma.