Bosi mpendwa, usiwe Farao

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii wiki Kutoka 5 imenikaa rohoni sana, pale Farao wa Misri anawanyima watumwa wake Waisraeli majani ya kufanyia matofali halafu anataka hesabu ile ile ya jana, wakilia anawaita wavivu. Ofisini kwetu wahasibu wawili waliondoka na hakuna aliyeajiriwa, kazi zao tukagawiwa tuliobaki, ukifika mwisho wa mwezi tunatoka usiku na asubuhi saa mbili unatakiwa uwe mezani. Juzi malipo ya mzabuni mmoja yakaingizwa mara mbili. Dada aliyeyaingiza ni mtu makini mno, ila mtoto alikuwa anaumwa na usingizi hakuwa nao. Akapewa barua ya onyo. Iliniuma jamani.

Na sisi waamini tumezoea kumwambia mtu kama huyo "omba Mungu akupe nguvu". Aombe, ndiyo, lakini Yethro, baba mkwe wa Musa, alipomkuta Musa anaamua kesi za watu asubuhi mpaka jioni hakumwambia aongeze maombi, alimwambia unachofanya si kizuri, utachoka wewe pamoja na hawa watu. Pamoja na hawa watu! Yaani uchovu wa mtu mmoja unamfikia mpaka anayehudumiwa, foleni haiendi, majibu yanakuwa ya ukali, hesabu hazikubali. Musa akagawa kazi, mambo yakaenda.

Sasa niseme na ninyi mliopewa kusimamia watu, mameneja, wakurugenzi, wenye maduka na wenye shule, nasema kwa upendo ila nasema. Jumapili unaabudu viti vya mbele, mchana huo huo unatupia kazi kwenye grupu la WhatsApp unataka ijibiwe kabla ya Jumatatu. Kumbukumbu la Torati 5:14 sabato imewekwa ili mtumishi wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, na mstari unaofuata unasema kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Waliambiwa hivyo watu waliotoka kwenye yale matofali, ili wasije wakawa Farao wa wenzao! Hata sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inasema masaa ya kawaida mwisho 45 kwa wiki, likizo siku 28 kwa mwaka. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi walisema anayefanya kazi masaa 55 na zaidi kwa wiki hatari yake ya kiharusi inapanda kwa kama asilimia 35 kuliko wa masaa 35 mpaka 40. Hao ni baba na mama wa watu, mpendwa, watoto wao wanawasubiri nyumbani.

Kwa hiyo kabla hujasaini barua nyingine ya onyo, fungua faili la huyo mtu uangalie mara ya mwisho alienda likizo lini, anafanya kazi za watu wangapi. Kama hela ya kuajiri haipo basi punguza hesabu ya matofali, kuna ripoti watu wanakesha kuziandika na hakuna anayezisoma, anza na hizo kesho asubuhi.